Ndoo ya Mama Mkwe

Kota za Reli, Mpanda
20 Novemba 1977

Kaka yangu Maximilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, wewe na wifi Romana na watoto, na kwamba mvua ya Kibaoni imeanza kwa heri. Hapa imenyesha mara moja tu, ikatuondolea vumbi ikatuletea inzi. Verdiana wangu anaota meno, anang'ata kila kitu mpaka mguu wa meza. Telesphor yu mzima, kazi ya stesheni inamchosha lakini halalamiki.

Mama alifika salama. Lori la misheni lilimshusha hapahapa mlangoni, na mchele wako haukupungua hata punje. Mganga wa hospitali ameyaona macho yake, anasema atatiwa dawa kila juma mpaka masika yaishe. Kwa hiyo tutakuwa naye muda mrefu, jambo ambalo mimi nalifurahia. Amekwishapata rafiki, Marsela, mama mmoja wa kwetu Mpimbwe anayelima mchicha huko bondeni chini ya kota. Kila Marsela akija kuuza anakuja na mwanawe Anicet, basi wanakaa na mama wanaongea Kipimbwe mpaka mboga zinanyauka kwenye ungo.

Sasa kaka, nina jambo, na sijui niliandikeje kwa mwanaume. Lakini tangu baba afariki wewe ndiye mkubwa wetu, nimwambie nani mwingine? Ni habari ya choo.

Nyumba hizi hazina choo cha nje. Choo kiko ndani, mlango wake unatazamana na jiko. Ukivuta mnyororo maji yanashuka na kila kitu kinaondoka na bomba. Nyumba zote za mstari wetu zinatumia bomba hilo moja, linakwenda mpaka shimo kubwa la simenti nyuma ya kota ya mwisho. Siku ya kwanza nilimwonyesha mama. Akavuta mnyororo, maji yakanguruma, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Na mkwe wangu yeye anakwenda wapi?" Nikamwambia, hapahapa mama. Kicheko kikaisha palepale. Akasema, "Pelagia, unataka nikalie alipokalia mume wako?"

Tangu siku hiyo hajaingia tena. Kunapopambazuka anajifunika kanga, anashuka majanini kando ya mfereji, na macho yenyewe ndiyo hayo. Juzi aliteleza akarudi na goti linavuja damu. Kuchimba shimo uani ni marufuku, bomba linapita chini. Na Telesphor siwezi kumwambia. Nitamwambia nini? Kwamba mama mkwe wake anakwenda majanini? Hata neno lenyewe siwezi kulitamka mbele yake likimhusu mama.

Nishauri upesi kaka. Naogopa atavunjika.

Mdogo wako,
Pelagia

*

Kibaoni, Mpimbwe
11 Desemba 1977

Mdogo wangu Pelagia,

Milele amina. Sisi hatujambo, isipokuwa mtoto wa mwisho ana kikohozi na Romana ana hasira, na vyote viwili vinatokana na mvua. Mpunga tumepanda. Kanisani nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na nakuhakikishia kuwa Mungu ana kazi na watoto wa siku hizi.

Nilicheka peke yangu nikisoma barua yako. Choo kinachotazamana na jiko! Nyie wa mjini mnapika na kujisaidia chini ya bati moja, halafu mnatuita sisi washamba. Lakini nilipofika kwenye goti la mama, nilitafuta kalamu.

Mama yuko sahihi. Mwacha mila ni mtumwa. Mkwe na mama mkwe hawachangii bafu, hawachangii choo, na hata njia wakikutana mmoja anapisha. Mimi mwenyewe mama yake Romana akija hapa, nahamia kwa jirani kwa mambo hayo, na hakuna aliyeniambia nimepitwa na wakati.

Fanya hivi. Tafuta ndoo ya bati yenye kifuniko, uiweke chumbani kwa mama. Bibi yetu alipougua tulifanya vivyo hivyo, wewe ulikuwa mdogo huwezi kukumbuka. Umwage wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na sikiliza vizuri: usiimwage katika choo cha shemeji. Ukivichanganya humo ndani utakuwa umefanya kazi bure, kwa kuwa vitakutana katika bomba. Mwaga nje, maji ya mvua yatachukua.

Shemeji asijue. Heshima ni hiyo, kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Nampelekea yule mtoto wa Marsela karanga kidogo. Mama alinitumia salamu zake kwa dereva, anasema mtoto huyo anamwita bibi.

Kaka yako,
Maximilian

*

Kota za Reli, Mpanda
15 Januari 1978

Kaka mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa barua yako ya mwaka jana imenifikia mwaka huu. Tuliokuwa tukiogopa jua sasa tunaogopa mvua, bati linapigwa mchana kutwa hatusikilizani. Verdiana amesimama! Hatua bado. Karanga zilifika, Anicet akazijaza mfukoni akawa anatembea kama karani siku ya mshahara.

Ndoo imepatikana na mama ametulia. Goti limepona, macho yanaona kidogo zaidi, na amerudi kuwa yule mama wa kunipangia hata namna ya kukoroga uji. Namwaga asubuhi katika mfereji wa maji ya mvua nyuma ya ua, kisha nasuuza kwa maji mengi. Mfereji unashuka mpaka bondeni. Mwanzoni niliona haya, lakini kaka, ungeona mfereji wenyewe! Mke wa fundi seremala anapika pombe, machicha yote humo. Mwingine anamwaga maji ya kufulia, mwingine majivu, mwingine matumbo ya kuku. Ndoo yangu ndogo ni nini katika hayo?

Jumanne tulipata kituko. Bomba la mstari wetu liliziba, maji yakarudi juu katika choo cha kota ya tatu, mpaka sebuleni, na wageni wapo. Akaja bwana afya na vijana na fito. Wakatoa magunzi ya mahindi, kaka, karai zima! Na matambara, na machicha, na kijiko ambacho mwenye nacho hakujitokeza. Bwana afya akatukusanya sisi wanawake akasema, "Mama zangu, hili si shimo la kijijini. Gunzi kijijini linaoza. Humu linakaa linangoja wenzake." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema lile shimo la simenti limejaa, mvua kubwa ikija litafurika liingie mferejini, na huko bondeni kuna watu wenye visima. Kisha akauliza nani anamwaga nini mferejini. Tulinyamaza wote kama tuko kwenye mafungo ya kanisani.

Redio inasema kipindupindu kiko pwani. Pwani ni mbali, lakini reli inatoka huko.

Niishie hapo. Telesphor anakusalimu. Anatoka mapema sana siku hizi, hata uji hangoji.

Pelagia

*

Kibaoni
26 Februari 1978

Pelagia,

Salamu za kwetu ni za matope. Daraja lilikatika, likatengenezwa, likakatika tena, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Kikohozi cha mtoto kimeisha. Hasira za Romana bado.

Nimefurahi sana habari za mama. Umefanya la mtoto aliyelelewa. Bwana afya mwache na magunzi yake. Serikali ina vitabu vyake na sisi tuna vyetu.

Mama ameniuliza kupitia kwa dereva nitakuja lini kumwona. Nitakuja baada ya mavuno, Mungu akipenda.

Ila na mimi nakuuliza. Zamani barua zako zilijaa Telesphor, Telesphor kasema hivi, Telesphor kanunua hivi. Safari hii umempa mistari miwili, na mmoja ni wa uji. Kuna nini?

Maximilian

*

Kota za Reli, Mpanda
12 Machi 1978

Kaka,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Sisi wa nyumba hii tuko wazima.

Mama aliharisha. Ilikuwa baada ya Jumatano ya Majivu, siku chache tu, akanificha, akasema ni dagaa. Nami nilimwaga ndoo kama kawaida. Mvua ikaja ile kubwa, shimo la simenti likafurika kweli kama tulivyoambiwa, kota nzima ikanuka, na yote yakashuka mferejini. Mama akapona, tukasahau.

Sasa huko bondeni watu wanaharisha na kutapika. Wamewajengea hema nyuma ya hospitali, wamezungusha kamba. Wengine wanasema ndicho kipindupindu chenyewe, wengine wanasema watu wamelogwa. Alhamisi walimpeleka Anicet. Mama yake anachota maji kwenye kisima kilichoko hatua chache tu kutoka mferejini, na mchicha tunaokula wote anaumwagilia kwa maji yaleyale.

Bwana afya anapita nyumba kwa nyumba. Jana alisimama mlangoni kwangu akauliza, "Katika nyumba hii kuna aliyeharisha? Kuna anayejisaidia nje ya choo?" Mama alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua mchele. Nikasema hakuna. Akaniangalia, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mama." Akaenda nyumba ya pili.

Nikisema ukweli, mama ataaibika mbele ya kota nzima, na mbele ya mkwe wake. Telesphor anaweza kunyang'anywa nyumba. Nisiposema, wale watu wanaendelea kuchota. Na nikisema ni ndoo yetu, kweli ni ndoo yetu? Au ni shimo la wote? Siwezi kujua kaka, na kutojua huku ndiko kunaninyima usingizi.

Umeuliza habari za Telesphor. Sikutaka kukuambia. Anatoka nyumbani kabla ya jua, na jioni akishakula anarudi tena stesheni bila zamu. Anakuja ameoga. Kuna mwanamke anaitwa Minza anauza maandazi mbele ya stesheni, mzuri. Nimeyanyamazia hayo kwa sababu mama yupo ndani na sitaki asikie tunagombana. Ndiyo hali yangu.

Njoo umchukue mama, hata wiki hii. Akishaondoka nitapata nguvu ya kusema.

Pelagia

*

Mpanda
19 Machi 1978

Kaka,

Sijapata jibu lako, naandika tena.

Anicet amefariki jana. Walimzika watu wa afya, na mama yake akazuiwa kumkumbatia. Mama anataka kwenda kulia msibani na askari wamezuia watu kushuka bondeni. Amekaa mlangoni tangu asubuhi ameelekea huko, analia kwa Kipimbwe, na Verdiana anamshangaa.

Njoo.

Pelagia

*

Kibaoni
Ijumaa Kuu, 24 Machi 1978

Mdogo wangu Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo katika mateso yake. Nimepokea barua yako ya tarehe kumi na mbili.

Nimeisoma mara nyingi, na shauri langu ni hili: nyamaza. Si kwa kusema uongo, ila kwa kutosema. Wewe mwenyewe umeandika kwamba huwezi kujua kama ni ndoo au ni shimo. Basi jambo usilolijua utalitolea ushahidi gani? Mama ni mtu mzima. Tukimwanika katika siku zake za mwisho, mbele ya mkwe, tutakuwa tumemzika kabla ya kifo. Ndoo iache, tafuta njia nyingine. Maji ya mvua yameshaosha.

Kuja kumchukua sitaweza. Njia imefungwa, Sitalike hapapitiki, hakuna gari linalotembea.

Kuhusu Telesphor, usimhukumu mtu kwa maandazi. Muulize.

Msalimie sana Anicet, mwambie apone upesi. Nimefunga karanga zake katika kitambaa, za mavuno mapya.

Kaka yako,
Maximilian

*

Kota za Reli, Mpanda
9 Aprili 1978

Kaka Maximilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima wote. Verdiana anatembea sasa, alipiga hatua zake za kwanza kutoka kwangu kwenda kwa mama. Hizo ndizo habari njema, nimezitanguliza.

Barua yako inayosema njia imefungwa imeletwa na lori la misheni. Dereva amenipa mkononi, pamoja na karanga. Nikamuuliza habari za Sitalike, akasema amepita mara mbili mwezi uliopita, matope tu. Sikukasirika, kaka. Nilielewa. Una watoto wadogo, na uliogopa mama asikuletee ugonjwa nyumbani. Hata mimi ningeogopa. Ila ungeandika hivyo: naogopa. Ningejua niko na mwenzangu.

Lakini shauri lako lilinikuta nimeshasema. Siku ile ya pili baada ya kukuandikia habari za Anicet nilikwenda ofisini kwa bwana afya. Nilidhani atapiga kelele. Alisikiliza, akauliza ni sehemu gani hasa ya mfereji, akavaa buti. Mchana ule wakamwaga chokaa kutoka ua wangu mpaka bondeni, wakafunga kisima cha Marsela na vya majirani zake, tangi la maji likaja likasimama huko. Mchicha wote ukang'olewa. Tangu wiki ile hakuna mgonjwa mpya. Nimemuuliza kama ilikuwa ndoo yangu. Akasema, "Mama, huko mferejini kuna nyumba yako na nyumba za wenzako wote, mimi sina namna ya kuzitenganisha." Alitaka kunifariji nadhani. Mimi nawaza tu kwamba siku aliposimama mlangoni Anicet alikuwa bado hai, na waliougua baada yake walikuwa wazima.

Sasa ilibaki kumwambia Telesphor kabla hajasikia kwa watu. Niliwatuma mama na Verdiana kwa jirani, nikafunga mlango, nikamwambia yote nikiwa nimetazama sakafu. Mama, ndoo, mfereji. Nikangoja matusi. Akasema, "Ndoo? Ndoo ya nini?"

Nikarudia.

Akasema, "Pelagia, mimi choo hicho sijakiingia tangu mama afike."

Kaka, nilimwangalia nisielewe. Akanieleza kama mtu anayekiri kosa. Siku ile lori lilipomshusha mama, alijiambia nyumba ina choo kimoja na mama mkwe hawezi kuchangia na yeye, basi ampishe. Tangu hapo anakwenda stesheni, asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya chakula. Anaoga hukohuko, wenzake wanamfungulia maji ya moto kwenye injini. Miezi yote hii! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia nini? Kwamba nimemwachia mama yako choo? Hayo ni maneno ya kumtamkia mtu?"

Nilicheka kaka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa ajili ya Minza na maandazi yake, na kicheko kikageuka nikalia mpaka Telesphor akanishika mabega. Choo kilikuwa cha mama peke yake. Kilikuwa kinamngoja pale mbele ya jiko, kisafi, na mimi kila asubuhi napita mlangoni pake na ndoo.

Mama nilimweleza mwenyewe. Alikwenda akaingia, nikasikia mnyororo, maji yakanguruma. Akatoka akasema nimpeleke kwa Marsela.

Askari walikuwa wameshaondoka bondeni. Tulimkuta kwenye bustani, udongo mtupu, ameshika jembe lakini halimi. Mama alipiga magoti mbele yake, yeye mkubwa kwa yule mdogo. Nikaeleza mimi, maana mama alishindwa. Sikuficha kitu. Nilisema ndoo, na shimo lililofurika, na bwana afya mlangoni na jibu nililompa, na nikasema hatutajua kamwe ni maji ya nani. Nikaeleza pia kwa nini ndoo, na kwa nini Telesphor alikuwa anakwenda stesheni. Sijui kwa nini nilisema hilo. Labda nilitaka aone kwamba hatukuwa na ubaya.

Marsela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu kabisa, bila hasira:

"Kumbe nyie kule juu mlikuwa mnaheshimiana."

Akamshika mama mkono akamwinua, akampangusa udongo magotini, akaendelea kusimama na jembe lake. Tukarudi.

Mama tangu siku ile anakula kidogo. Karanga zako ziko juu ya kabati katika kitambaa kilekile, hakuna anayezigusa.

Usije kumchukua mama, hapa yuko vizuri na macho yanaendelea. Lakini njoo. Lori linarudi Kibaoni kesho na litakuja tena baada ya wiki mbili, nimeshaongea na dereva akuwekee nafasi mbele. Shauri la ndoo lilitoka kwako na mikono ilikuwa yangu. Njoo tushuke wote wawili bondeni, umwambie Marsela neno, kwa kuwa mimi lile lake nimekosa la kulijibu.

Mdogo wako anayekungoja,
Pelagia